Yaliyozikwa moyoni hujitokeza mwilini

UMEWAHI kujiuliza kwa nini ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja, wakalelewa nyumba moja na kula sinia moja, hutokea mmoja mpole na mwingine mwenye hasira za mkizi? Kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake timamu, hurudia kosa lile lile mara tatu au nne, na kila mara huapa kwamba hatalirudia tena? Na kwa nini mgonjwa hulalamikia maumivu ya kweli, ilhali vipimo vya damu, mkojo na eksirei havioni kitu?

Wiki hii tutaliangalia jibu moja mashuhuri la maswali hayo. Ni jibu la daktari Sigmund Freud na nadharia yake ya kuichanganua nafsi, ambayo wataalamu wa Kiswahili huiita uchanganuzinafsi. Tutalipima jibu hilo katika visiwa vya Lamu. Si kwa sababu watu wa huko ni wagonjwa kuliko watu wa Nairobi au Mombasa, la hasha. Ni kwa sababu watu wa visiwa hivyo wameandika juu ya nafsi zao tangu karne mbili zilizopita, na kwa sababu katika mji mdogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake, siri huwa nzito, na daktari huona wazi jinsi inavyomlemea mwenyewe.

DAKTARI WA VIENNA

Freud alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Freiberg, ambao leo uko katika Jamhuri ya Czech. Aliishi karibu maisha yake yote Vienna, Austria. Mwaka 1938 aliwakimbia Wanazi akaenda London, na huko ndiko alikofariki mwaka 1939. Alisomea udaktari na kubobea katika maradhi ya mishipa ya fahamu. Wagonjwa waliomjia, wengi wao wanawake, walikuwa na mikono iliyopooza, vikohozi visivyokwisha na macho yasiyoona vizuri. Alipowapima hakuona mshipa uliokatika wala mfupa uliovunjika.

Rafiki yake, daktari Josef Breuer, alikuwa amemtibu mwanamke kijana wa aina hiyo kati ya mwaka 1880 na 1882. Katika kitabu walichokitoa pamoja mwaka 1895, mwanamke huyo aliitwa Anna O. Maradhi yalimwanza alipokuwa akimuuguza babake. Mkono wake wa kulia ulipooza. Kwa muda aliisahau hata lugha ya mamake, Kijerumani, akawa anasema Kiingereza tu. Wakati mmoja alishindwa kunywa maji ijapokuwa kiu ilimkausha koo. Breuer aligundua kwamba kila mgonjwa alipolisimulia tukio lililoanzisha dalili fulani, tena akalisimulia pamoja na uchungu wake, dalili ile ilipungua. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeipa njia hiyo jina: tiba ya mazungumzo.

Ni haki kusema kwamba hakupona mara moja kama kitabu kilivyodokeza. Baadaye alilazwa tena hospitalini. Lakini jina lake halisi, Bertha Pappenheim, lilikuja kujulikana sana Ujerumani kwa kazi yake ya kuwatetea wanawake na mayatima.

Kutokana na wagonjwa kama hao Freud alifikia wazo ambalo ndilo msingi wa nadharia yake yote. Alisema kwamba sehemu kubwa ya nafsi ya mtu imefichika, na imefichika hata kwa mwenyewe. Wataalamu wetu huiita sehemu hiyo ung'amuzi bwete. Nahodha wa Lamu hahitaji maelezo marefu hapa. Maji yakijaa, mwamba hauonekani, lakini jahazi litaupiga vile vile. Mambo tuliyoyaona, tuliyoyataka au tuliyoyaogopa tukiwa wadogo, kisha tukayazika kwa sababu ya aibu au hofu, hayafi. Hukaa chini ya maji na kutupindisha njia bila ya sisi kujua.

PANDE TATU ZA NAFSI

Mwaka 1923 Freud aliigawa nafsi katika pande tatu. Vitabu vya shule huziita idi, ego na supaego, na msomaji wa pwani anaweza kudhani anasoma habari za sikukuu. Kwa kweli Freud mwenyewe hakutumia maneno hayo ya Kilatini, bali yaliletwa na waliomtafsiri kwa Kiingereza. Yeye aliandika kwa maneno ya nyumbani ya Kijerumani, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuyaita "Lile", "Mimi" na "Mimi wa Juu".

Lile ni upande tuliozaliwa nao. Linataka chakula, usingizi, mapenzi na kisasi, na linavitaka sasa hivi. Halijui kesho wala haramu. Mtoto mchanga ni Lile tupu.

Mimi wa Juu ni sauti ya wazazi, walimu na jamii iliyoingia ndani ya mtoto ikakaa humo. Wazazi wakifa, sauti hubaki. Ndiyo inayomwambia mtu "huoni haya?" hata akiwa peke yake chumbani.

Mimi yuko katikati. Kazi yake ni kusuluhisha baina ya Lile linalotaka, Mimi wa Juu anayekataza na dunia ambayo haina subira na yeyote. Freud alimfananisha na mpanda farasi, kwani nguvu ni ya mnyama na uongozi ni wa mpandaji. Lamu tungesema mpanda punda. Na kila aliyewahi kumpanda punda anajua kwamba mara nyingine mnyama huelekea anakotaka yeye, na mpandaji, ili asiaibike mbele za watu, husema kwamba huko ndiko alikokuwa akienda.

Kwa mujibu wa nadharia hii, tabia ya mtu ni matokeo ya suluhu hiyo. Mimi wa Juu akiwa mkali kupita kiasi, mtu huwa mwoga, mwenye kujilaumu kwa kila jambo na asiyejua kustarehe. Lile likizidi nguvu, mtu huwa hana breki. Mimi akiwa dhaifu, mtu huyumba kila upepo unapogeuka.

WATU WA LAMU NA NAFSI ZAO

Msomaji aliyepitia chuoni atasema: mbona haya si mageni? Ni kweli kwamba Qurani inataja nafsi yenye kuamrisha maovu, nafsi yenye kujilaumu na nafsi iliyotulia, na masheikh wa Lamu wamezieleza hizo misikitini miaka mingi kabla ya Freud kuzaliwa. Mfanano upo, lakini tusiukuze. Katika mafundisho ya dini, nafsi hizo ni kama daraja, na mja hujitahidi kupanda kutoka ya chini hadi ya juu. Kwa Freud hakuna kupanda. Pande zote tatu zinakaa nyumba moja mpaka siku ya kufa, na afya ni kujua namna ya kuzipatanisha.

Chukua pia utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir baada ya mji wa Pate kuanguka kutoka utajiri wake. Katika utenzi huo mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe. Anaulaumu, anauuliza kwa nini haujifunzi, na kuuonyesha majumba yaliyokuwa ya fahari yakawa magofu. Mtu anawezaje kuugombeza moyo wake kama mtu ni kitu kimoja? Mshairi alijua kwamba ndani yetu mna anayesema na anayekataa kusikia.

Mfano wa pili ni wa mama. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua kwamba huenda hana siku nyingi. Alimfundisha namna ya kuishi na Mungu, na mume na watu. Hebu fikiri juu ya jambo hilo kwa jicho la daktari. Mama anayeondoka anaiweka sauti yake ndani ya mtoto ili iendelee kumwongoza. Hivyo ndivyo Mimi wa Juu anavyopatikana. Wengi wetu hatukuandikiwa utenzi, lakini kila mmoja wetu ana wasia wa namna hiyo kichwani. Wengine wana wasia wa mapenzi, na wengine wana sauti inayowaambia tangu utotoni kwamba hawafai kitu.

Basi Freud aliongeza nini? Aliongeza neno moja zito: kwamba vita hivi vya ndani, mwenyewe mara nyingi havijui. Mshairi wa Pate aliujua ugomvi wake na moyo wake. Mgonjwa wetu haujui. Anajua tu kwamba kichwa kinamuuma.

MTOTO UMLEAVYO

Freud alisema tabia hujengwa hasa katika miaka mitano au sita ya mwanzo. Mtoto hupitia hatua: kwanza raha yake iko mdomoni, katika kunyonya. Kisha hufundishwa kujizuia haja, na hapo huonja amri kwa mara ya kwanza. Halafu, kati ya miaka mitatu na sita, humpenda mzazi wa jinsia nyingine kwa wivu na kumwona yule wa pili kama mshindani. Atakayekwama katika hatua moja, alisema Freud, atabaki na alama yake ukubwani.

Sehemu hii ya nadharia ndiyo iliyopingwa zaidi. Freud aliwaona watoto wa Vienna, katika nyumba yenye baba mmoja mkali, mama mmoja na mlango uliofungwa. Mtoto wa Lamu hulelewa na mama, bibi, shangazi, mama wadogo na jirani, na pengine baba yuko baharini au Uarabuni kwa miezi mingi. Wivu wake hauwezi kufuata ramani ile ile.

Hata hivyo, wazo kwamba utoto huacha alama lilithibitishwa kwa njia nyingine, na sehemu ya ushahidi huo imetoka hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth aliwafuatilia akina mama 26 na watoto wao wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatembelea majumbani kwa miezi kadhaa. Alikuwa amefanya kazi London na John Bowlby, mchanganuzi wa nafsi aliyeona kwamba mtoto hahitaji maziwa tu bali mtu wa kumshikilia. Ainsworth aliona kwamba mtoto mwenye mama anayemjua vizuri, anayeweza kueleza kwa undani mwanawe anapenda nini na analia kwa nini, hutambaa mbali bila hofu, huchunguza, kisha hurudi kwa mama kama jahazi linavyorudi bandarini. Mtoto asiye na uhakika huo hulia sana na kung'ang'ania. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na hadi leo masomo ya malezi duniani kote yanakitegemea. Kwa hivyo tunaposema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, hatusemi methali tu.

NGAO ZA NAFSI

Mwaka 1936 Anna Freud, binti wa Sigmund, alitoa kitabu kinachozieleza njia ambazo Mimi hutumia kujikinga na uchungu. Tunaweza kuziita ngao. Kila mmoja wetu anazo, na si ugonjwa kuwa nazo.

Ngao ya kwanza ni kuzika. Jambo husahauliwa kabisa, lakini nguvu yake hubaki. Ya pili ni kukana: mlevi husema "mimi si mlevi", na anayekohoa damu husema ni vumbi. Ya tatu ni kumtupia mwingine: mwenye chuki humwona kila mtu anamchukia. Ya nne ni kuhamisha: bwana amegombezwa kazini, hawezi kumjibu mkubwa wake, basi jioni mtoto hupigwa kwa kumwaga chai. Ya tano ni kutafuta visababu, kama aliyeshindwa kuzifikia akasema "sizitaki mbichi hizi". Ya sita ni kugeuza kinyume: mtu humfanyia wema wa kupita kiasi yule anayemchukia, ili hata yeye mwenyewe asijue kwamba anamchukia.

Ngao bora kuliko zote ni ile ya kuigeuza nguvu iwe kazi nzuri. Hasira huwa ushindani wa michezo, na huzuni huwa ushairi. Lamu inajua jambo hili tangu zamani. Mashindano baina ya mitaa ya Mkomani na Langoni yaliingizwa katika ngoma na mashairi. Leo hii mbio za punda na za majahazi huwapa vijana nafasi ya kushindana mbele ya mji mzima bila damu kumwagika.

Ubaya wa ngao ni pale inapokuwa nzito kuliko mbebaji. Hapo ndipo mgonjwa anapofika kwa daktari.

MWILI UNAPOSEMA

Tuchukue mfano. Huyu si mtu mmoja. Nimemuunga kutokana na wagonjwa wengi ili asitambulike yeyote.

Ni mwanamke wa miaka 35 hivi, ametoka kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate, amekuja Lamu kwa mashua. "Muili wawaka moto, dokta, na silali usiku wala mtana," anasema. Moyo unamwenda mbio. Chakula hakipiti kooni. Amekwisha kutibiwa malaria, alsa na presha. Amekwenda Mombasa akalipa vipimo kwa pesa za mkopo, na mwishowe ameambiwa maneno ambayo madaktari tunayasema kwa wepisi sana: "Huna ugonjwa." Amerudi nyumbani na moto wake, na sasa ameongezewa aibu, kwani watu wanasema anajifanya.

Kazi ya kwanza ya daktari ni kupima sawasawa. Tezi ya shingo ikizidi kufanya kazi huleta joto na moyo kwenda mbio. Upungufu wa damu, kisukari na maradhi ya koo yote yanaweza kujificha. Hakuna ruhusa ya kutaja nafsi kabla ya kuukagua mwili. Lakini vipimo vikishakuwa safi, daktari hajamaliza kazi.

"Dadangu, moto huu ulianza mwezi gani?"

"Mfungo Mosi, baada ya Idi."

"Na Idi ile palitokea nini nyumbani?"

"Hapakutokea neno, dokta."

Katika ziara ya tatu ndipo habari inapotoka. Mumewe anafanya kazi Uarabuni. Idi ile msafiri mmoja alileta salamu, na pamoja na salamu akaleta habari kwamba bwana ameoa huko. Wakubwa walimwambia mama huyu astahamili, ailinde stara ya nyumba. Naye akasema hana neno, ameridhika. Tangu siku ile amekuwa akimhudumia mama mkwe kwa bidii ambayo mtaa mzima unaisifu. Na tangu siku ile chakula hakipiti.

Ziara ya nne anazungumzia ada za shule. Anataka kusema "mume wangu akirudi", ulimi unateleza, anasema "akizikwa". Ananyamaza, anajishika mdomo, kisha analia kwa muda mrefu. Katika kitabu chake cha mwaka 1901 Freud alieleza kwamba kuteleza kwa namna hii mara nyingi si bahati mbaya. Ulimi hauna mfupa, nasi tunajua hivyo, lakini yeye alitaka tuulize ulimi umetelezea wapi.

Mama huyu hakuwa mwongo aliposema hana neno. Hasira yake ilikuwa imezikwa, kwa sababu Mimi wa Juu wake, ile sauti ya malezi mema, haikumruhusu mke mwema kumkasirikia mume. Neno lililomkwama kooni lilikaa kooni kweli. Baada ya kulisema, tena bila kuhukumiwa, koo lilifunguka kidogo kidogo. Moto ulipungua ingawa haukwisha wote. Mumewe hakurudi kwa sababu ya mazungumzo yetu. Lakini mama alianza kulala, na aliweza kukaa na jamaa zake kuzungumzia haki ya matumizi ya watoto, jambo ambalo kabla ya hapo hakuwa na nguvu nalo.

NDOTO NA PEPO

Freud aliiita ndoto njia kuu ya kufikia mambo yaliyofichika, na kitabu chake juu ya ndoto kilitoka mwishoni mwa mwaka 1899. Watu wa pwani nao wana tafsiri za ndoto, na jina la Ibn Sirin linajulikana hata kwa asiyesoma sana. Tofauti ni kwamba sisi huuliza ndoto inatabiri nini, na Freud huuliza inakumbuka nini.

Mwanafunzi wake aliyekuja kutofautiana naye, Carl Jung wa Uswisi, alifika Kenya mwaka 1925. Lamu hakufika. Alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, kisha akaenda Mlima Elgon, akizungumza na wenyeji kwa Kiswahili cha kujifunza. Aliwauliza wazee juu ya ndoto. Mzee mmoja, kwa masikitiko, alimjibu kwamba tangu Wazungu waje hakuna tena haja ya ndoto, kwa kuwa Waingereza wanajua kila kitu. Jung alilisimulia jibu hilo katika kumbukumbu za maisha yake. Linaonyesha jinsi utawala wa kigeni unavyoweza kuingia mpaka ndani ya usingizi wa mtu.

Na pepo je? Si kazi ya daktari kuamua kama pepo wapo, na masheikh wenyewe wana maneno mazito juu ya ngoma za kupunga pepo. Ninaloweza kusema ni hili. Katika ngoma hizo mtu aliyepandwa huitwa kiti, na anayesema si yeye bali ni pepo. Pepo hudai kitambaa, pete, marashi au heshima. Mara nyingi hudai yale ambayo mwenye mwili hakuthubutu kuyadai kwa ulimi wake. Mtaalamu Michael Lambek aliyaona hayo kisiwani Mayotte, akayaandika katika kitabu cha mwaka 1981. Anayekwenda kwa mganga au kwa sheikh huenda akapata wa kumsikiliza. Hatari ni pale kifafa, malaria iliyopanda kichwani au wazimu wa kweli unapofichwa humo kwa miezi, dawa ipo na mgonjwa haletwi.

MIPAKA YA NADHARIA

Tusimchukue Freud kama msahafu. Mwanafalsafa Karl Popper alilalamika kwamba nadharia hii haiwezi kukanushwa: ukikubali, imesema kweli, na ukikataa, husemwa unajikinga. Maneno ya Freud juu ya wanawake yamepingwa, na kwa haki. Aliidharau dini, na hakuna sababu ya msomaji kumfuata huko. Leo tunajua pia kwamba huzuni kubwa na wazimu vina mizizi katika ubongo na katika damu ya ukoo, na vidonge huwasaidia wengi. Tiba za mazungumzo zinazotumiwa sana siku hizi ni fupi, na hazimlazi mgonjwa kwenye kochi kwa miaka.

Hatari kubwa zaidi ni kuitumia elimu ya nafsi kuwahukumu watu. Kenya inaukumbuka mfano wake. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya Mathari kwa miaka mingi, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akiufananisha ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha maandishi yake juu ya Mau Mau, ambamo vita vya watu waliopokonywa ardhi vilielezwa kama ugonjwa wa nafsi. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili mwenyewe, alimjibu katika kitabu chake cha mwaka 1961. Carothers hakuwa mchanganuzi wa shule ya Freud, lakini funzo ni moja. Ukiitumia elimu ya nafsi bila kumsikiliza mwenye nafsi, inakuwa silaha.

UFANYE NINI?

Kwanza, ukiwa na maumivu yasiyokwisha, nenda ukapimwe. Ukiambiwa vipimo ni safi, usikubali kwamba basi unajifanya. Maumivu ni ya kweli. Muulize daktari: "Basi tatizo langu laweza kuwa nini?" Mweleze pia ni lini yalianza na nyumbani palikuwa na nini wakati ule.

Pili, tafuta mtu mmoja unayemwamini na anayejua kunyamaza. Anaweza kuwa dada, rafiki, sheikh, padri, muuguzi au mshauri nasaha. Usimwambie mtu atakayeifanya siri yako kuwa hadithi ya barazani. Na wewe ukiambiwa siri, usikimbilie kusema "stahamili". Sikiliza kwanza.

Tatu, wazazi, mtoto akiuliza au akilia, msimwambie tu "nyamaza". Mwulizeni kinachomliza. Sauti mnayoitumia leo ndiyo atakayobaki nayo mtakapokuwa hampo.

Nne, usimchambue mkeo, mumeo wala jirani kwa elimu ya ukurasa huu. Nadharia hii ni ya kujitazama wenyewe na ya kusikiliza.

Tano, kuna dalili zisizongoja mazungumzo: mtu kuanguka na kutetemeka, kusikia sauti zisizokuwapo, kukosa usingizi kwa siku nyingi, kuacha kula, au kusema kwamba ni heri afe. Mtu huyo asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kama ni kwa gari au kwa mashua, na aende naye mtu anayeweza kumweleza daktari yote yaliyotokea bila kuficha.